Yuko Safarini

Landover, Maryland
4 Mei 1986

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalam alaykum warahmatullah. Shikamoo Baba. Mimi mzima, nala na nalala, na dukuduku langu ni huo mguu wako. Mdogo wangu Mwatumu aliniandikia kuwa umeanza kutembelea bakora. Ni kweli, ama ni yale mambo yako ya kutaka kuonekana mzee wa mtaa? Nisalimie wote hapo Kuze, na Ramadhani ikiingia wiki hii nawatakia funga njema.

Najua nimekaa kimya. Barua zangu zilikuwa zikienda na salamu na zako zikirudi na salamu, hata nikaona haya kubandika stempu kwa maneno mawili. Leo nina la kukwambia. Nimepata timu.

Usicheke. Si mpira wetu. Ni huu wao wa kushika kwa mikono, na mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai changa. Kwenye ile nyumba ya kutunza wazee ninakofanya kazi, Lanham, kuna mzee mmoja aitwaye Mister Wendell. Hainuki kitandani wala hali bila ya mimi, lakini timu ya Washington ikicheza sauti yake yafika jikoni. Nilikuwa nikimlisha uji huku naangalia naye. Mwaka wa kwanza sikuelewa kitu. Mwaka wa pili nikaanza kubishana naye. Sasa nimenunua fulana, rangi ya damu ya mzee na dhahabu, na Nyaguthii, yule msichana wa Nakuru ninayekaa naye hapa Landover, asema nimepotea kabisa.

Juzi kulikuwa na jambo waliitalo drafti. Vijana waliomaliza vyuo husubiri, na timu huchagua kwa zamu. Iliyoshika mkia mwaka uliopita ndiyo ianzayo, kisha inayoifuata, hivyo hivyo mpaka bingwa, naye huchagua mwisho. Mtu husimama mbele akataja jina. Ukitajwa umekwisha kuwa wa timu ile, hata kama mji wenyewe hujapata kuuona. Mama zao hulia kwenye televisheni. Timu yetu zamu yake ya kwanza haikuwa nayo, mabwana wenye timu walikuwa wameshaiuza zamani. Mister Wendell alikasirika akakataa uji.

Nami nikakukumbuka wewe barazani siku ya Alhamisi, ukitaja majina ya timu yako ya Nyota bila ya karatasi, nami nimekaa kizingitini na kikapu cha ndimu. Bado wayataja?

Mwanao akupendaye,
Johari


Kuze, Mombasa
2 Juni 1986

Kwa mwanangu Johari,

Waalaykum salaam. Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma tena na tena, na funga ya leo imekwenda upesi kwa sababu yake. Sisi hatujambo. Mguu ni mguu tu. Bakora ni ya kufukuzia mbuzi wa jirani, asikudanganye Mwatumu.

Sasa huo mpira wako. Hapa mtu akishika mpira kwa mikono refa humpigia firimbi, huko mwampigia makofi. Haya, kila mlango na ufunguo wake. Hiyo drafti nimeipenda nusu. Mnyonge kupakuliwa kwanza ni uungwana. Nusu ya pili imenikera. Kijana haulizwi? Ataitwa Kisumu na roho yake iko Malindi, aende tu? Na hayo ya kuuza zamu ambayo haijafika ni kula mbegu, mwaka wa kupanda utajuta.

Tena wasema timu ina mwenyewe. Neno hilo nimelipindua sikulipatia kichwa. Mwenye duka namjua, mwenye shamba namjua. Mwenye timu? Akifa, watoto warithi wachezaji kwa mafungu, mwanamume mawili, mwanamke moja? Nimewauliza barazani, wamecheka mpaka adhana. Nyota mwenyewe nani? Mimi nachagua tu. Jezi zafuliwa na mamake Jabir, mpira alitoa marehemu fundi cherehani, na uwanja ni wa Mungu na manispaa.

Waniuliza kama bado nataja majina. Nataja. Nawe naona umesahau ilivyo, basi nitakukumbusha. Kila Alhamisi baada ya Magharibi nawataja wote, achezaye na asiyecheza. Aliyepo hujibu naam. Aliye mbali, mtu wa nyumbani kwake humjibia, "Yuko safarini," na nafasi yake hubaki pale pale. Aliyekufa, mwanawe mkubwa husema, "Ametangulia," tukasoma Fatiha, na jina likafungwa lisitajwe tena.

Nawe umo. Nilikutia ungali mtoto, kwa zile ndimu ulizokuwa ukituletea mapumzikoni, na wako waliokunja uso kwa kuwa mtoto wa kike. Kila Alhamisi nakutaja, kisha mimi mwenyewe nakujibia. Jabir, ambaye ndiye nahodha siku hizi, asema nimekuwa kasuku, naita na kuitika. Naye ana haki ya kucheka. Lakini nimeanza kuchoka kuitika. Waja lini?

Ni mimi babako,
Abdulghafur


Landover
7 Septemba 1986

Baba yangu mpenzi,

Assalam alaykum. Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na mbuzi wa jirani wameshika adabu. Mimi alhamdulillah, ila mgongo kidogo, maana wazee wa huku ni wazito.

Msimu umeanza leo. Lakini kabla ya msimu kuna jambo jingine, na hili hutalipenda hata nusu. Huita watu wengi kambini wakati wa joto, halafu huwakata. Leo hawa, kesho wale, mpaka wabaki arobaini na watano. Kulikuwa na mkimbiaji mmoja, kijana mwembamba, Mister Wendell alimpenda kwa kuwa hakuwa na maringo. Alimaliza mazoezi yote. Asubuhi ya mwisho akakuta kibandiko cha jina lake kimebanduliwa kwenye kabati. Hakuna aliyemkosea, Baba. Ndiyo desturi. Alipeana mikono na watu akaondoka na mfuko wake.

Nilikuwa nimhadithie Mister Wendell, lakini amefariki mwezi uliopita. Nilimwosha mimi. Kadi ya jina lake ilikuwa mlangoni. Kurudi kutoka chakula cha mchana nikakuta jina jingine na mzee mwingine kitandani, anauliza televisheni hufunguliwaje. Nikamfungulia. Basi sasa naangalia mpira na huyu, naye ni shabiki wa Dallas, mahasimu wetu, hatupatani.

Umeniuliza nakuja lini. Mwakani, inshallah. Kazi imenibana.

Mwanao,
Johari


Kuze, Mombasa
19 Oktoba 1986

Johari mwanangu,

Waalaykum salaam. Sote wazima. Mungu amrehemu huyo mzee wako kwa kadiri yake, na akulipe wewe uliyemwosha. Nilipofika mahali pale pa barua niliiweka chini kidogo.

Mtu hakatwi, Johari. Hupumzishwa, huketishwa, hukemewa, lakini hakatwi. Wamkumbuka Ameir, kipa wetu aliyepofuka jicho moja? Hajagusa mpira tangu wewe hujavunja ungo. Kila Alhamisi namtaja, ajibu naam, aombe kahawa. Ningembandua, angekwenda wapi jioni ile?

Sasa nisikilize. Mwakani yako hii si ya kwanza, wala ya pili. Mtoto wa jirani yetu Bimkubwa yuko huko huko kwenu, na amekuja akarudi, na kuja tena. Watu waniuliza nami sina la kuwajibu. Kama kuna mume, sema. Kama kuna aibu, sema, mimi ni babako. Na kama hutaki kuja, sema pia, nijue nikujibie vipi. Mtu hawi safarini maisha.

Babako,
Abdulghafur


Landover
25 Oktoba 1987

Baba,

Assalam alaykum. Shikamoo. Sijui nianze wapi, maana ni mwaka mzima. Mimi mzima. Natumai nanyi wazima. Mwatumu aliniletea salamu za Idi, akasema u mzima na wauliza matokeo.

Barua yako iliniuma, nikaiweka chini ya mto, na kila nilipotaka kujibu niliona sina jibu ila la kweli. Basi pokea la kweli. Sina mume wala aibu. Sina karatasi. Nilikuja kwa ruhusa ya kusoma uuguzi. Karo iliponishinda nikaacha chuo, na ruhusa ikafa pamoja na chuo. Tangu hapo naishi kwa kunyamaza. Nikitoka nchi hii, mlango unafungwa nyuma yangu. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa ukisema "yuko safarini" kwa fahari, nami sikutaka useme kwa huzuni.

Sasa wametoa sheria mpya. Aliyekuwa hapa kabla ya mwaka themanini na mbili aweza kuomba msamaha apewe kadi ya kuishi hapa. Nimeomba mwezi wa Agosti. Ila wakili amenionya: nisivuke mpaka, hata kwa kuzika mtu, mpaka kadi ifike mkononi. Nikivuka, maombi yote yameharibika.

Nikwambie ya mpira, maana mwaka huu mpira na mimi tumekuwa kitu kimoja. Wachezaji waligoma. Wenye timu wakasema haya, wakaokota watu wengine: walinzi, madereva, wabeba mizigo kama hawa wa maghala ya hapa Landover, vijana waliokatwa zamani. Wakawavisha jezi zile zile. Watu waliwazomea mlangoni. Nami nikasema nitawazomea, kwa kuwa mgomo ni haki ya mtu. Lakini wakacheza, Baba, kama waliopewa siku moja ya kuishi. Wakashinda mara tatu mfululizo, ya mwisho kule kule Dallas, na mzee wangu wa Dallas akageukia ukuta.

Leo wenyewe wamerudi. Wale wengine wamekwisha kuambiwa asante. Nyaguthii aliniuliza nalia nini kwa watu nisiowajua. Nikamwambia nawajua sana. Mimi ni mmoja wao, nimevaa jezi ya watu, nacheza kwa nguvu zangu zote, na jina langu halimo popote.

Nisamehe kukuweka roho juu.

Mwanao,
Johari


Kuze, Mombasa
28 Novemba 1987

Kwa Johari,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, mama, na marahaba tena kwa ile ya mwaka mzima. Mkono huu ni wa Mwatumu, maneno ni yangu. Vidole vyangu vimegoma kama wachezaji wako. Nasi hatukuokota vingine.

Barua yako ilisomwa chumbani kwangu mlango umefungwa. Nikasema, alhamdulillah. Mwatumu alidhani nimeghafilika. Akauliza, mwana hana karatasi, wewe washukuru? Nashukuru, kwa sababu nilidhani hana hamu.

Sikiliza amri yangu, na ni amri. Usitoke huko mpaka kadi iwe mkononi. Hata ukisikia nini. Ukisikia harusi, usije. Ukisikia mtu anaumwa, usije. Wakili wako ana akili, mtii kama ungenitii mimi. Hapa hakuna baya lolote, tumekula biriani jana. Mimi nimepungua maneno tu, basi siku hizi Jabir ndiye atajaye majina, nami hukaa ndani, dirisha la barazani wazi. Likifika lako najibu pale dirishani. Alhamisi hii nimesema "Yuko safarini" mpaka muuza kahawa akageuka. Sikusema kwa huzuni. Ulikosea hapo.

Umesema jina lako halimo popote. Basi mimi nataja nini kila wiki?

Na wale watu walioshinda mara tatu wakaambiwa asante, mtu wao awatajaye ni nani? Mwenye timu hatawataja. Kama huna mwingine, niandikie majina, tuwataje huku. Nyota haina kitu, lakini nafasi zipo.

Kuna neno moja nimempa Jabir juu ya jina langu. Si la haraka. Utaambiwa siku yake.

Babako,
Abdulghafur

(Dada, na mimi nakusalimu. Ameniambia nisiongeze kitu. Mwatumu.)


Landover
2 Februari 1988

Baba yangu, Baba yangu mpenzi,

Assalam alaykum na shikamoo na kila la heri. Vipi vidole? Mimi leo sina sauti, imenikauka, na utajua kwa nini.

Tumechukua kombe. Juzi Jumapili. Walianza kwa kufungwa, kumi bila, nami nikazima televisheni. Nyaguthii, ambaye mpira haujui, akaiwasha akasema timu ni yako utazimaje? Kisha robo ya pili, sijui nikuelezeje, ni kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo kumbe uko mkononi. Mrushaji wetu, yule aongozaye timu uwanjani, ni mweusi, Baba. Hajapata kuwako mrushaji mweusi aliyelichukua kombe hili. Walisema hawezi. Alianguka akaumia goti, akainuka, akarusha tu. Nyaguthii alipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari, kisha naye akapanda juu tukala naye sambusa.

Wale waliocheza wakati wa mgomo hawakualikwa. Nimeyapata majina yao, nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Wataje ukitaka. Pole kwa ulimi wako.

Na habari ya pili ndiyo ya kwanza. Nimeitwa, nimehojiwa, nimekubaliwa. Wamesema kadi itatoka kabla ya Ramadhani. Nakuja kufunga nanyi. Nitakaa barazani, watu wakunje uso wakitaka, na Jabir akinitaja usinijibie. Nyamaza tu hapo dirishani. Nitaitika mwenyewe.

Nakuja, Baba. Hii si mwakani.

Mwanao,
Johari


Kuze, Mombasa
21 Februari 1988

Kwa dada yangu Johari,

Assalam alaykum. Sisi tuko. Kaa chini kwanza, na kama Nyaguthii yupo mwite akae nawe.

Dada, Baba hatunaye. Ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na tisa Januari, kabla ya jua kupanda. Tumezika siku ile ile baada ya Swala ya Ijumaa, na Kuze yote ilifunga milango. Barua yako imefika jana. Nilikwenda nayo chumbani kwake nikaisoma kwa sauti yote mpaka mwisho, kitanda kitupu, sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Lilikuwa ini. Daktari alimwambia tangu Septemba. Yalikuwa hayajaja yako ya karatasi, na alikuwa ameshaniambia nikuandikie uje. Nilikuwa nimeanza barua. Kisha ikaja yako, akaniambia niichane. Akaniapisha nisikupigie simu wala telegramu. Alisema, "Huyu akisikia atatoka mbio, na akitoka amekwisha. Mtu wa safarini hapewi habari ya kumkatiza njia." Nilimwambia utanichukia. Akasema utanichukia kidogo. Dada, yale ya biriani yalikuwa uongo, alikuwa hali kitu.

Alhamisi baada ya mazishi watu walijaa mpaka barabarani. Jabir alitaja. Lako lilipofika nilijibu mimi, kwenye dirisha lile lile. Halafu akataja, "Abdulghafur." Watu wote wakanitazama. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, na maalim ameshainua mikono kwa Fatiha. Jabir akasema hapana. Akasema Mzee aliacha neno: jina lake lisifungwe mpaka Johari ajibu mwenyewe, kwa kinywa chake, barazani. Asiitwe. Angojwe.

Maalim alisema si desturi, maiti hangojewi. Mzee Ameir akamwambia, "Nyota haikati mtu." Basi ikaisha hivyo. Kila Alhamisi Jabir analitaja, tunanyamaza kidogo, anaendelea na la pili. 

Jana jioni nilimpa Jabir ile karatasi yako ya kombe. Si Alhamisi, lakini aliita watu, akawataja wale Wamarekani wako mmoja mmoja. Yalimshinda ulimi, ila hakuruka hata moja.  Kisha Mzee Ameir na jicho lake moja akasema, "Wako safarini." Tukasema wote.

Usije kabla ya kadi. Ni amri yake.

Mdogo wako,
Mwatumu


Landover
14 Machi 1988

Mwatumu mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Sijakuchukia. Nilijaribu siku mbili, nikashindwa.

Nilikaa kitako sakafuni, Nyaguthii akanishika, akanipikia uji wa kwao akanilisha kijiko kwa kijiko, mimi niliyewalisha baba za watu. Kazini wamenipa siku tatu za msiba. Nilizimaliza nikarudi, na yule mzee wa Dallas akanipa mkono. Nimefurahia kombe siku mbili baada ya kifo cha Baba. Nimepiga vigelegele naye yuko kaburini. Hilo sijui nitaliweka wapi.

Kadi imefika leo. Ndogo, ina picha yangu na jina langu lote, na la Baba ndani yake. Naweza kukata tiketi kesho. Wakili amenipongeza, amesema sasa naweza kwenda popote na kurudi.

Nimekaa nayo mkononi tangu mchana. Mwatumu, nikifika nitakaa barazani, Jabir atataja, na watu watanigeukia mimi. Nitasema ametangulia. Maalim atasoma Fatiha, na Alhamisi itakayofuata hatatajwa tena.

Nakuja. Wallahi nakuja. Lakini mwambie Jabir Alhamisi hii ataje kama kawaida, na ile nyingine, na ile ya baadaye. Nijibie wewe la kwangu, sema niko safarini. La Baba nyamazeni.

Dadako,
Johari